Maganda ya Upande wa Matete

Kila Jumamosi asubuhi wanawake wa kitongoji walifika lamboni na nguo za kufua, wakasimama. Hakuna aliyegusa maji. Walimsubiri Dorkas.

Dorkas alivua ndala, akainama, akaokota konokono mdogo kama punje ya hindi. Akamwinua kuelekea jua. Ganda likipitisha mwanga, alisema maji ni safi, na watoto wakajitupa ndani. Ganda likiwa zito na jeusi, aliwaambia watu wahame.

Lambo lile, si mbali na Ulemo, lina pande mbili. Upande wa majabali upepo hupiga mawimbi mchana kutwa, na konokono wake ni wafupi, wanene, weusi. Upande wa matete maji yametulia, na konokono wake ni warefu, wembamba, rangi ya asali. Dorkas alifundishwa na mama yake kwamba konokono mweusi ndiye mwenye kichocho, ule ugonjwa wa kukojoa damu. Kwa hiyo aliwapeleka watu kwenye matete. Jirani yake Maria alimwita Bibi Afya, nusu kwa utani, nusu kwa heshima, na wanawe wote aliwaleta hapo hapo.

Kisha Noel, mtoto wa Dorkas, akaanza kuchoka. Alikuwa golikipa wa darasa la sita. Sasa alikaa pembeni ya uwanja akitazama wenzake. Asubuhi moja Dorkas alipita nyuma ya zizi la mbuzi, akamkuta mwanawe amesimama, ameuma meno. Juu ya jiwe jeupe mbele yake mkojo ulikuwa mwekundu.

Hosea, baba wa mtoto, hakushtuka. Alisema vijana wote wa pale hupitia hayo, ndiyo dalili ya kukua.

"Mimi nilikojoa hivyo hivyo. Nimekufa?"

"Hujafa," Dorkas akamjibu. "Lakini mpaka leo ukienda haja ndogo unashika ukuta."

Dorkas akamchukua Noel, wakaenda zahanati.

Mtaalamu wa maabara alikuwa dada mmoja aitwaye Theresia. Alimwamkia Dorkas shikamoo, akachukua mkojo wa Noel, akaupima. Aliporudi alisema ni kichocho.

Dorkas akakataa. Mwanawe haogi na konokono weusi. Yeye mwenyewe humpimia maji, na nusu ya kitongoji humsikiliza.

Theresia hakucheka. Alileta kopo, akamwaga maganda makavu juu ya sinia. Alikuwa ameyaokota katika maziwa na malambo mbalimbali ya mkoa. Akamwomba Dorkas ayatenge kwa jamii zake. Dorkas alifanya haraka: weusi huku, wa asali kule, wafupi peke yao, warefu peke yao.

"Sasa shika ganda moja, mama. Ncha iangalie juu, mdomo ukuangalie wewe. Mdomo uko upande gani?"

"Kushoto."

"Chukua la fungu jingine."

Kushoto. La tatu, kushoto. Dorkas aliyashika ya mafungu yote, na yote yalifungukia kushoto. Theresia akayasukuma mafungu yale kwa kiganja, yakawa fungu moja.

Alieleza kwamba hao wote ni jamii moja. Penye mawimbi na mawe ganda hutokea fupi na nene. Penye maji tulivu hutokea refu na jembamba. Matope na mwani hulibadilisha rangi. Hata watoto wa mama mmoja hawafanani, akasema, sembuse konokono wa maji tofauti. Na wapo wengine wanaobeba kichocho cha tumbo ambao ganda lao ni bapa, limeviringika kama mkeka. Mwenye ugonjwa na asiye nao huwezi kuwajua kwa macho.

Dorkas hakuamini yote. Theresia akamwambia alete konokono hai wa upande wa matete.

Kesho yake aliwaleta kwenye chupa. Theresia aliwaweka katika glasi ya maji safi, juani. Baadaye akachukua tone la maji yale, akaliweka chini ya hadubini, ile mashine inayokuza vitu vidogo. Dorkas akainama kutazama. Vijidudu viliogelea humo, vingi, mikia yao imepasuka ncha kama ulimi wa nyoka.

"Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi," Theresia akasema. "Mtu mgonjwa anakojoa majini, mayai yaliyomo mkojoni yanaanguliwa, vinavyotoka vinaingia kwa konokono. Konokono anavitoa hivi. Vinamsubiri anayeoga."

Dorkas hakuinua kichwa. Akilini aliwaona watoto wa Maria wakipiga mbizi kwenye matete.

"Ni mimi niliyewaingiza," akasema polepole.

"Ulikosea ganda, mama. Mnyama hukumkosea. Wengi hapa hawajui hata kwamba konokono anahusika. Jicho lako tunalihitaji."

Jumamosi wanawake walisimama kama kawaida. Maria akauliza, "Haya Bibi Afya, maji yakoje leo?"

Dorkas hakuvua ndala. Aliwaambia yote, akaanza na mkojo wa Noel.

"Kwa hiyo wanangu..." Maria akasema.

"Ndiyo. Na wa kwanza ni wangu."

Maria alibeba ndoo yake, akaondoka bila kuaga. Dorkas alidhani amempoteza. Lakini Jumatatu, alipofika zahanati, Maria alikuwa wa kwanza kwenye foleni, wanawe nyuma yake, kila mmoja ameshiba uji, maana dawa hiyo haimezwi na njaa. Mmoja mmoja walipimwa mkojo, wakasimama kwenye fimbo ya urefu, wakapewa vidonge kwa kimo chao. Hosea naye alikuja, akajifanya amemsindikiza Noel. Alimeza vidonge vyake akitazama dirishani.

Theresia alionya kwamba dawa haimkingi mtu akirudi majini. Hivyo watu wa kitongoji walijenga choo njia ya lamboni, mbali na maji. Walisakafu jukwaa la kufulia juu ya mteremko. Wachotaji huvaa mabuti, maji huachwa kwenye mapipa yaliyofunikwa siku mbili ndipo yatumike kuogea na kufulia, maana vijidudu hufa. Ya kunywa huchemshwa.

Mvua zilizofuata, Noel alipimwa tena. Mkojo wake ulikuwa safi, na goli la darasa likampata tena golikipa wake.

Siku moja mtoto wa mwisho wa Maria alimletea Dorkas ganda jembamba la rangi ya asali, akamwomba alipime. Dorkas akaliinua kuelekea jua. Mwanga ulipita kama zamani.

"Ganda ni zuri," akasema. "Nenda ukaoge maji ya pipa."