Ubeti wa Mwisho wa Mwalimu Quandt

"Mimi hakuna mwizi aliyewahi kuniponyoka," Ottilie Zarnekow alimwambia Sajini Pagel, huku amemzibia mlango kwa mwili wake mpana. "Ingawa kusema kweli nimewasaka wawili tu, na mmoja alikuwa paka."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumamosi ya Mei, mjini Stettin. Mdogo wake Ottilie, Mwalimu Leberecht Quandt, mpiga kinanda wa kanisa na mtunzi wa baladi, zile nyimbo ndefu za kusimulia visa vya kutisha, alikuwa ameamsha nyumba nzima kwa yowe: ubeti wa mwisho wa baladi yake mpya umeibiwa! Nayo ilikuwa iimbwe jioni hiyohiyo mbele ya chama cha waimbaji. Pagel alipofika alimkuta Rieke, mtumishi wa nyumba, akiwasha jiko kwa karatasi za muziki. Akamdaka mkono.

"Ni karatasi za kapuni, Afande!" Rieke alilia. "Zilizoharibika. Mwalimu mwenyewe huniambia nizichome."

"Hayo utayasema kituoni."

Ottilie alijua mtumishi aliyepelekwa kituoni hapati tena nyumba ya kumpokea mji mzima. "Afande, nipe mpaka saa sita," alisema. "Wewe kaa jikoni umlinde. Kuna supu ya njegere na soseji."

Pagel aliitazama sufuria, akavua kofia.

Ottilie hakuwa amesikia hata noti moja ya baladi hiyo. Wiki tatu alikuwa kwa ndugu yao huko Pasewalk, karudi jana tu. Akaanza na mwenye mali. Alimkuta sebuleni kwa piano, amempakata mjukuu wake Malwine, wa miezi miwili, anamkunjia uso ili acheke.

"Huo ubeti ulikuwa na nini?"

"Kifo, dada. Bibi wa mto anamvuta binti wa mvushaji chini ya maji. Watu wanakuja watetemeke, lazima mtu afe. Nani mtoto mzuri? Nani?"

"Unamshuku nani?"

Mwalimu alikohoa. "Labda Mutzell."

Huyo Mutzell alipiga kinanda katika kanisa jingine, na kila mwaka alisema baladi za Quandt ni makelele ya ng'ombe mwenye njaa. Tena muuza samaki aliapa kwamba alfajiri alimwona akipita uani kwa Mwalimu, ameficha kitu chini ya koti. Ottilie akakaza mwendo. Saa nne alimkuta nyuma ya kinanda cha kanisa, koti limevimba upande mmoja.

"Fungua koti, Bwana Mutzell."

"Bibi, mimi ni mtu wa kanisa!"

"Ndiyo maana nakuomba kwa adabu. Fungua, au nifungue mwenyewe."

Akafungua. Akatoka mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wa kukaushwa kwa moshi, mnene kama mkono wa mwashi, anachuruzika mafuta.

"Daktari amenikataza," Mutzell alinong'ona. "Mke wangu hukaa dirisha la mbele, kwa hiyo napitia uani kwenu. Usimwambie, nakusihi."

"Sina shida na mkunga wako."

Mutzell akashusha pumzi, akawa anamfunga samaki wake upya huku akiimba kwa sauti ya chini. Binti wa mvushaji, bibi wa mto...

"We! Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Umeutoa wapi, anauliza! Ndugu yako akitunga hufungua dirisha na kubweka. Mtaa mzima tunaujua kabla wino haujakauka."

"Basi uimbe wote."

Aliimba vizuri, kwa mtu anayeuchukia. Binti akatia mguu mmoja majini. Mutzell akanyamaza.

"Endelea."

"Niendelee wapi? Kila siku akifika hapo anarudia mwanzo."

Ottilie alimwimbisha muuza samaki. Mguu mmoja majini. Akawaimbisha wafua nguo watatu penye ngazi za mto Oder, nao wakakoma palepale. Akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani, watu wanampisha.

Karibu na saa sita, Pagel alikuwa amesimama sebuleni, kofia kichwani, na Rieke ameshika furushi lake la nguo, macho mekundu.

"Leberecht," alisema Ottilie, "tuimbie huo ubeti."

"Si umeibiwa, dada?"

"Iliyoibiwa ni karatasi, koo unalo. Krismasi uliimba baladi zako zote umefumba macho."

Mwalimu alitazama mlango. Dada yake alikuwa ameujaza. Akampa Rieke mtoto, akapiga radi upande wa kushoto wa piano. Bibi wa mto akanguruma, binti akajibu kwa sauti nyembamba, akatia mguu majini... Vidole vikasita. Halafu vikaruka. Binti akamng'ata bibi wa mto kidole, akakimbia kwao mbio, na muziki ukawa ngoma ya harusi. Buti la Pagel likaanza kugonga sakafu lenyewe. Malwine akapiga kelele za furaha.

"Hakuna aliyeiba kitu," Ottilie alisema. "Ubeti wa kifo hukuuandika kabisa."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Miaka thelathini nimezamisha watoto kwenye nyimbo, nikalala usingizi mnono. Tangu huyu azaliwe, kila nikimtosa mtu mtoni naona ni yeye, namtoa. Watu wangesema Quandt amelainika. Nikaona heri waseme nimeibiwa."

"Na mimi je?" Rieke aliuliza, mtoto begani. "Mimi nifungwe ili wewe usichekwe?"



"Jioni utauimba hivyohivyo," Ottilie alimwambia ndugu yake, "na kabla hujafungua piano utawaambia wote nani aliyesema uongo."

"Nitawaambia. Nisamehe, Rieke. Lakini jamani, mnadhani ningemwacha achukuliwe? Ningewafuata mpaka kituoni! Nilikuwa nimeshavaa viatu."

Wote wakainama kutazama chini ya piano. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na dole gumba la Mwalimu Quandt lilikuwa nje, linawatazama.