Nta ya Nyuki Mgongoni kwa Vestina

Katika duka moja la soko la Kasulu, Vestina alikuwa anabonyeza mishumaa kwa kucha, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini na mbili, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano, mgongo wazi kidogo. Nurudini, mnunuzi wa asali na nta kutoka Kibondo, akamgonga kwa ndoo aliyobeba.

“Samahani, dada. Siku hizi mishumaa inabonyezwa kama maparachichi?”

“Natafuta laini. Mgumu unataka moto mwingi ndipo uyeyuke. Unaunguza.”

“Kwani unaula?”

Vestina alicheka mpaka watu wakageuka.

Baada ya miezi miwili Nurudini alikuwa anajua kazi ya mishumaa ile. Vestina alipenda matone ya nta yenye uvuguvugu mgongoni, na alimwambia wazi, bila kuona haya. Ila alikuwa na masharti. Mshumaa wa kwenye gilasi, laini, usio na marashi wala rangi. Jaribu kwanza kwenye ngozi yako. Inua mkono juu, tone lipoe njiani. Usoni marufuku. Maji ya baridi yawe karibu.

“Na nikisema basi?”

“Naacha, laazizi. Hapo hapo.”

“Hata kama umenogewa?”

“Hata kama nimenogewa, fundi wangu.”

Akawa mwangalifu. Lakini akataka kumletea mpenzi wake kitu cha kwao, akamtengenezea mshumaa wa nta ya nyuki. Nyumbani kwao nta hiyo ni dawa, mama yake aliipaka kwenye magaga. Nurudini akaona kitu safi namna ile hakiwezi kudhuru mtu. Hakujua kwamba inataka moto mkali kuliko mishumaa ya gilasi. Alijaribu tone kiganjani, hakusikia kitu. Miaka kumi na tano ya kukamua masega ya moto ilikuwa imeua ngozi ya viganja vyake.

Jumapili mchana, chumbani kwa Vestina, matone matatu yalianguka kwa mfululizo.

“Basi! Basi, Nuru!”

Aliacha palepale. Akammwagia maji ya baridi kwa dakika ishirini. Malengelenge yakatoka hata hivyo, wakaenda zahanati. Nurudini alibaki kwenye benchi nje. Kupitia mlangoni akasikia sauti ya nesi: “Nani amekufanyia unyama huu?”

Hakungoja jibu. Alipanda gari la Kibondo.

Vestina alipiga simu siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Haikupokewa. Siku ya kumi na moja Nurudini akapiga mwenyewe.

“Kumbe upo hai,” Vestina alisema.

“Naona aibu, mpenzi. Nilijua umenishtaki.”

“Njoo Kasulu.”

Alikuja na shati lililopigwa pasi na doti mpya ya kitenge. Vestina hakuondoa mguu kwenye cherehani.

“Nataka kuzungumza na kaka yako. Nikuoe.”

“Ile nta nilikusamehe ungali unanimwagia maji. Nilisema basi, ukaacha. Ulikosea, ukanihudumia.”

“Sasa kuna nini tena?”

“Nilimwambia nesi tulikubaliana. Hakuamini. Akasema, mwite huyo mwanamume aseme mwenyewe. Nikatoka nje na kanga begani, mgongo unawaka. Benchi tupu. Nesi akaandika kwamba nimeteswa. Kaka Tharsisi akaniuliza, mtu mwema anakuchoma halafu anatoroka?”

“Niliogopa, Vesti.”

“Hata mimi niliogopa. Kile kitu ninachokipenda, Nuru, kinataka nilale kifudifudi nisikuone. Kwa mtu anayekosea, naweza. Kwa mtu anayekimbia, siwezi.”

“Nitabadilika.”

“Pengine. Chukua kitenge chako.”

“Nisikupigie hata simu?”

“Usipige.”

Akatoka na doti yake kwapani. Vestina akakanyaga cherehani kwa nguvu. Mshono ukaenda upande, akaufumua, akaanza tena, ukaenda upande.