Nakshi ya Jeska

Mwenye nyumba ya wageni mtaani Nyamugari, Gitega, alimkuta Jeska sakafuni mchana wa mvua, kitenge kimemfunika kichwa, vidole vya mkono wa kushoto vimepondwa kwa jiwe. Mtu alimvamia kwa nyuma na hakutamka neno.

Inspekta Bénédicte alijua kilichomleta Jeska mjini. Kesho yake, kwenye mkutano wa biashara ya mtandaoni na haki za wabunifu, Jeska, msusi wa vikapu aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, angesuka mbele ya wageni kuthibitisha kwamba nakshi ya vikapu vinavyouzwa ng'ambo aliibuni yeye.

Muuzaji wa vikapu hivyo alikuwa Mugisho, mfanyabiashara wa Kivu, Kongo. Askari walimpiga hadi akatema jino. Maneno yake hayakubadilika.

"Mi sijamuonaka ule mama. Nakshi nilinunua kwa bwana yake, Adriano. Alisema iko yake." Akaonyesha picha za nakshi alizotumiwa na Adriano kwa simu.

Bénédicte akaenda Muyinga, akapanda vilima vya Gasorwe. Habari ya Jeska hakumwambia mtu njiani. Adriano alikuwa akipalilia maharage.

"Sijatoka hapa wiki nzima, afande."

"Bibi yako amevunjwa vidole."

Adriano akaangusha jembe. "Nani kamfanyia hivyo? Atasukaje sasa? Mkono wake wa kulia hata kijiko haujui kushika."

"Mi nimesema vidole tu," Bénédicte akasema taratibu. "Nani alikuambia ni vya kushoto?"

Adriano alitazama bondeni, kisha akakaa chini kwenye tuta.

"Kampuni ya ng'ambo anayoiuzia Mugisho inanunua haki kwa mbunifu mwenyewe. Niliwaambia ni mimi. Angesuka pale, ningeonekana nimemwibia mke wangu."

"Ungemwomba asiende."

"Nilimwomba. Alinicheka. Alisema sijui hata kuanza kitako cha kikapu."

Bénédicte akamfunga pingu.

Hospitalini Gitega, Jeska alikuwa ameshakatwa vidole vitatu. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Nakshi yangu imerudi?"

"Hapa Burundi, ndiyo. Ng'ambo, kiwanda kimeshaanza kuisuka kwa mashine. Wa mkutano wanasema watalijadili jambo hilo kikao kijacho."

Jeska akautazama mkono wenye bandeji.

"Basi mwachieni Adriano arudi kulima, mama. Mimi siwezi tena kusuka, na watoto watakula nini?"

Bénédicte hakuweza kumwahidi hata hilo.