Mafundo Mawili ya Hilaire Lacour

Odalie Lacour alifika kwa Shangazi Ursine jua likichwea, mkoba wa picha za kale begani, tumbo la mimba limeanza kumlemea. Kwa muda mrefu alikuwa akifuatilia ukoo wa Hilaire Lacour, seremala aliyekuja Luiziana enzi za mfalme wa Ufaransa, ambaye makabati yake bado yamesimama katika nyumba za kando ya mto. Majina karibu yote alishayapata. Jambo moja tu lilimshinda. Mke wa kwanza wa Hilaire alifia uzazini, na hakuna aliyetaka kusema mtoto alizikwa wapi.

Getini alimkuta mwanamume ameegemea nguzo. Nywele zake zilijaa maranda.

"Karibu, binti wa Lacour," alinong'ona.

"Umenijuaje?"

"Paji la uso."

Odalie akacheka. Huku kwao kila mtu ni binamu. "Unamfanyia kazi shangazi?"

"Naufanyia kazi ukoo."

Akachomoa uzi mfukoni. Kabla Odalie hajarudi nyuma, uzi ulishanyooshwa mbele ya tumbo lake. Akafunga fundo. Akausogeza kidogo, akapima tena. Akafunga la pili.

"Safari hii sitakosea."

Harufu ya mbao mbichi ikamjaa Odalie puani. Chini ya harufu hiyo, nyingine... ya udongo uliofukuliwa.

Alipopepesa macho, palikuwa na nguzo tu.

Shangazi Ursine alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa kamba. Aliposikia kisa hicho, mwiko ulimponyoka.

"Amekupima?"

"Ni nani yule, Shangazi?"

"Nijibu kwanza! Mafundo mangapi?"

"Mawili."

Bibi kizee akapiga ishara ya msalaba. "Una mapacha, mwanangu."

"Daktari amesema mtoto mmoja..."

Kra... kra... kra...

Randa. Ilikuwa ikipita juu ya ubao, taratibu, katika karakana nyuma ya nyumba.

"Si ilifungwa ile?"

"Tangu alipofariki baba." Shangazi aliishusha sauti. "Kaburi hukulipata kwa sababu hatulisemi. Walizaliwa wawili. Mama yao alipokata roho, Hilaire akachanganyikiwa. Aliwaona watoto wametulia, akadhani wamemfuata mama yao. Akachonga sanduku moja, akawalaza pamoja, akapigilia misumari. Wachimba kaburi wakifukia, wakasikia..."

"Wakasikia nini?"

"Kilio. Cha mmoja."

"Wasifungue?"

"Walimwambia. Akasema ni upepo."

Kra... kra...

"Tangu hapo, wanawake wa ukoo wakishika mimba, Hilaire huwatokea baadhi yao. Ukiona kachonga kitanda cha mtoto, shukuru Mungu. Ukiona kifuniko..."

Shangazi akachukua taa.

Walitoka na taa, Odalie mbele. Mkono wake ulipogusa mlango wa karakana, randa ikakoma.

Juu ya meza palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilikuwa na miguu iliyopinda ya kubembelezea mtoto, laini kama shavu. Kingine hakikuwa na miguu. Kando yake kilikuwapo kifuniko.

Na misumari, imepangwa tayari.

"Twende," Shangazi alinong'ona, akimvuta kiwiko. "Mama yangu alikiona hicho hicho. Akaondoka, akanyamaza. Ndiyo maana nilizaliwa peke yangu."

"Mimi siondoki."

"Odalie! Usicheze na mzimu wewe!"

"Ni babu yangu. Na hawa ni wanangu."

Akakinyakua kifuniko. Kilikuwa na joto, kama mwili. Akakimbia nacho hadi jikoni, akakisukuma ndani ya jiko la kuni. Ubao ukatoa mvuke, ukapiga mlio mwembamba, ukashika moto.

Huko karakana mwanamume akaangua kilio. Hakikuwa cha hasira. Alilia kama mtu aliyefiwa leo. Kikafifia... kikaisha.

Kulipokucha walirudi kutazama. Juu ya meza palikuwa na vumbi zito tu, halina hata alama ya kidole.

Mapacha walizaliwa wote wazima, msichana na mvulana. Shangazi Ursine aliwabeba mwenyewe kwenda kubatizwa, akitamba kanisa zima.

Msichana hulala popote. Aurélien, kakake, hulala tu milango ikiwa wazi. Ukifunga mmoja, hata wa kabati, huamka akitweta, macho yamemtoka. Halii. Huinua mikono midogo na kukwaruza kwa kucha hewa iliyo juu ya uso wake, kana kwamba hapo pana ubao.