Plau Lililogoma Kushuka

Nilifika kwa dada yangu jua likizama, sanduku la spana mkononi na kisirani moyoni. Asubuhi alinipigia simu: trekta lao la zamani linanyanyua plau polepole mno, na kesho lazima aanze kulima. Tangu mumewe afariki, miezi saba sasa, hilo trekta ndilo linalomlisha. Ningekataa vipi? Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuliona tena.

Nilimkuta bandani, kakaa juu ya ndoo, kajitanda shuka.

"Mafuta umeangalia?"

"Wewe ndiye fundi, kaka."

Haya. Mafuta ya haidroliki yalikuwa tele, hayana povu. Chujio safi. Nikawasha injini, nikavuta liva. Pampu ikanguruma kama kawaida, ila plau likapanda kidogo kidogo, linasita, linapanda... kama mzee anayejinyanyua kitini. Jasho likaanza kunitoka, maana ugonjwa wenyewe nilikuwa naujua.

Sili ya silinda, ule mpira unaozuia mafuta yasipenye na plau lisishuke. Mwaka huu huu iliisha, na mimi kwa uvivu wangu niliivua, nikaigeuza upande wa pili, nikairudisha. Shemeji nikamwambia nimeweka mpya. Wiki iliyofuata akataka kuingia chini ya plau akaze bolti, akaniuliza kama ni salama. Nilikuwa nakunywa chai. Nikamjibu bila hata kugeuka, "Ingia tu, shem. Halishuki hilo."

Likashuka.

Msibani niliwaambia watu kwamba nilimwonya aweke magogo, akapuuza. Dada alilia kifuani kwangu. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka usingizi unanikimbia.

Sasa kipimo ni rahisi, kila fundi anakijua. Unanyanyua plau, unazima injini, unasubiri. Sili mbovu haijifichi. Plau litashuka lenyewe, taratibu. Nilipanga litakaposhuka nijifanye kushangaa, nibadilishe sili, na siri yangu ibaki siri.

Nikazima.

Kimya. Nikasubiri. Dakika moja... tano... kumi. Plau halikusogea hata unywele.

Haiwezekani! Sili ile haikuwa na ubavu wa kushikilia hata jembe la mkono.

Ndipo nikasikia pumzi.

Hhh... hhh...

Pumzi za mtu aliyebeba mzigo mzito, anajikaza asiuachie. Zilitoka chini ya plau, na pale chini hapakuwa na mtu. Kisha ikanijia harufu kali ya dawa ya kuchua. Shemeji alikuwa akijipaka mgongoni kila akitoka shambani.

"Mbona halishuki?" dada akanong'ona. "Basi ni zima. Ingia chini ukaze bolti, zimelegea."

"Hapana... tuweke magogo kwanza."

"Ya nini? Ingia tu. Halishuki hilo."

Sauti yake, maneno yangu. Siku ile nilipoyasema tulikuwa wawili tu bandani, mimi na marehemu.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

"Jana."

Nikapiga magoti kwenye vumbi na oili. Nikayasema yote, sili, chai, uongo wa msibani. Nililia kama mtoto. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Najua," akasema. "Lakini wa kuombwa radhi si mimi."

Nikainuka, nikaisukuma liva ya kushushia kwa mikono miwili. Halikushuka. Zile pumzi zikaendelea palepale, taratibu, wala hazina haraka.

Nikakimbia. Spana zangu zote niliziacha.

Hii ni wiki ya tatu. Mvua imeshaanza, majirani wameshapanda, na shamba la dada limeota magugu. Sijui anayelishikilia plau lile anataka nini. Labda anataka nimwombe radhi nikiwa nimelala pale pale alipolala yeye, kisha aniache nitoke. Labda hataniacha. Kila jioni simu inaita, nami naipokea, kwa sababu ni dada yangu.

"Kaka," ananong'ona, "bado liko juu. Anauliza unakuja lini."