Hadithi Ambayo Bibi Hakuisimulia

Kila Jumamosi asubuhi Charanjit, msichana wa miaka kumi na mmoja, alipanda basi kutoka mtaani kwao Ladywood, katika mji wa Waingereza, kwenda darasa la Kipunjabi, lugha ya wazee wake. Jumamosi hiyo hakutulia kitini, kama aliyekalia siafu. Kando yake alikaa Bibi, amejitanda shali mpya.

Darasa lao lilikuwa likitayarisha kitabu cha ngano za Kipunjabi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta ngano aliyosimuliwa nyumbani. Bibi alikuwa nazo tele, lakini Charanjit hakuwa na subira ya kumsikiliza. Bibi akimsemesha Kipunjabi, yeye humjibu Kiingereza. Basi alichukua hadithi ya mbweha katika kitabu cha Kiingereza, akambadilisha mbweha jina, akasema ni ya Bibi. Mwalimu Gurmit aliipenda mno hata akamwalika Bibi aje kuisimulia mbele ya wazazi Jumamosi hiyo. Charanjit alimwambia Bibi tu kwamba amealikwa, na tangu hapo hakula akashiba wala kulala akapumzika.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza kituo kimoja. Alimshika Bibi mkono, akamweleza yote kwa Kipunjabi cha kuokoteza.

Bibi alikuwa ameumia, na Charanjit aliliona hilo.

"Ungeniomba ningekupa, mjukuu wangu," alisema.

Walipofika, Charanjit alimwendea mwalimu kabla hata ya kuvua koti, akakiri. Mwalimu Gurmit aliiondoa hadithi ile kitabuni. Wazazi walikwisha kuketi, wanangoja. Ndipo Bibi akasimama, akasimulia ngano ya mfinyanzi aliyekataa kumfinyangia mfalme chungu kikubwa kuliko vyungu vya majirani wa mfinyanzi. Charanjit aliuliza kila neno asilolielewa. Wenzake walicheka, naye akazidi kuuliza.

Majuma yaliyofuata alikaa jikoni na Bibi, akiiandika ngano ile kwa herufi za Kipunjabi, akifuta, akiandika tena, mpaka vidole vikamuuma.

Kitabu kilipotoka, ngano ya mfinyanzi ilikuwamo, pamoja na jina la Bibi. Bibi alilipapasa kwa kidole.

"Watoto," alisema Mwalimu Gurmit, "uongo ulitaka kumwaibisha mzee wa watu, na ukweli umetuletea ngano ambayo tungeikosa. Lakini kitabu peke yake hakihifadhi lugha. Lugha huhifadhiwa na mtoto anayekaa akasikiliza. Waulizeni wazee wenu wangali hai."