Umefunga?

Areti alimkanyaga Stratos katika msongamano wa soko la Kapani, wiki moja kabla ya Kwaresima. Kisigino cha kiatu chake chekundu kilitua juu ya buti la muuza halua.

"Pole, kaka."

"Mguu wa pili nao unasubiri zamu," alisema Stratos, akimkatia kipande cha halua ya ufuta.

Wiki nne baadaye Stratos alikwisha kutaja ndoa, ila kwa sharti. "Baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka arobaini na tisa. Sitaki nikuoe kisha nikuache mjane. Nipime kwanza."

Areti alikuwa mpimaji wa maabara. Alimfunga mpira mkononi, akauliza, "Umefunga?"

"Tangu Jumatatu Safi, Kwaresima ilipoanza, mpenzi."

Areti alicheka, akaandika ndiyo kwenye fomu.

Majibu yalitisha. Trigliseridi, yaani mafuta ya damu, yalikuwa 430. Yakipita mia nne, hesabu ya kolesteroli mbaya haiaminiki. Areti alipiga simu.

"Ulikula asubuhi ile."

"Sikugusa nyama wala jibini."

"Damu haidanganyi, Stratos. Mwongo ni wewe."

"Haya." Stratos akakata simu.

Siku ya kumi baada ya simu hiyo aliingia maabara Mama Evdokia, mjane mwenye gauni jeusi, akapandisha mkono wa gauni.

"Umefunga, mama?"

"Nimefunga, mwanangu. Leo nimekula mkate na tahini ya ufuta tu."

Sindano ilibaki hewani. Kufunga kwa kanisa, yaani kuacha nyama na jibini, na kufunga kwa maabara, yaani kutokula kitu, neno moja. Kanuni ya kazi ilimtaka aulize saa ya mlo wa mwisho. Kwa Stratos alikuwa amecheka tu. Alimwomba mama asubiri, akatoka nje akampigia Stratos.

"Asubuhi ile ulikula nini?"

"Mkate na halua. Si nilikuwa nimefunga?"

"Nilipaswa kukuuliza. Badala yake nikakuita mwongo."

"Siku kumi hizi nakula mboga za kuchemsha, nikidhani nakufa kama baba."

Areti alifungua daftari la miadi. "Njoo kesho. Usile chochote kwa saa kumi na mbili. Maji tu."

Safari hii mafuta yalikuwa 138, kolesteroli nzuri 51, mbaya 149.

"Nzuri huzoa mafuta na kuyarudisha kwenye ini," alieleza. "Mbaya huyaacha kwenye kuta za mishipa. Yako imepanda kidogo. Kwa sababu ya baba yako, daktari lazima aione."

"Na karatasi ya kwanza?"

Alimwonyesha. Alikuwa ameifuta kwa mstari na kuandika chini yake: kosa la mpimaji, na jina lake kamili. Mkuu wa maabara alikwisha kuisoma.

"Ungeweza kuichana."

"Ningeweza."

Stratos alishusha mkono wa shati. "Namba zangu sasa nazijua. Utaolewa nami?"

"Ndiyo," alisema Areti, akishindwa kumtazama usoni kwa aibu ya kumwita mwongo.